Plagi za gari la familia: zibadilishwe lini?

Desemba ikikaribia, gereji nyingi za Dar es Salaam hujaa magari ya familia yanayojiandaa kwa safari ya Moshi, Mbeya, Songea au Bukoba. Oili inamwagwa, breki zinaangaliwa, tairi zinajazwa upepo. Plagi hukumbukwa mara chache, kwa sababu zimejificha ndani ya injini na gari linawaka kila asubuhi. Zinakuja kukumbukwa pale gari lililobeba watu watano na mizigo linapoanza kutetemeka katikati ya mlima Kitonga, lori liko mbele, foleni iko nyuma, dereva anakanyaga mafuta na gari haliitiki.

Makala haya yanahusu magari ya juu ya familia yanayotumia petroli, yale yaliyozoeleka kwenye barabara za Tanzania na Kenya: Toyota RAV4, Harrier na Kluger, Nissan X-Trail, Subaru Forester na ndugu zao. Kama gari lako ni la dizeli, mfano Prado au Land Cruiser nyingi, halina plagi za kuwashia za aina hii. Dizeli hujiwakia yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Vile vijiti vinavyoitwa hita plagi kazi yake ni kupasha joto chumba cha moto wakati wa kuwasha, na hiyo ni habari nyingine.

Kazi ya plagi

Ndani ya kila silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche inayouwasha. Betri ya gari ina volti 12 tu. Koili huzipandisha mpaka maelfu mengi ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, ili umeme uweze kuruka ile nafasi ndogo kati ya ncha mbili za plagi. Nafasi hiyo kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Ni nyembamba kiasi kwamba ukucha unaweza kuiziba.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 25 kwa sekunde moja. Ukienda kilometa 100,000 kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa na injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, kila plagi itakuwa imepiga cheche milioni 75. Kila cheche inakula chembe ndogo sana ya chuma. Ncha iliyokuwa na kona kali inakuwa ya mviringo, nafasi inapanuka, na koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ili umeme uruke. Siku moja volti hizo hazitoshi, hasa wakati injini imebeba mzigo mzito, kwa sababu hewa iliyobanwa sana ni ngumu zaidi kwa umeme kuipenya. Ndiyo maana gari lenye plagi chakavu linaweza kuwa tulivu kabisa pale Kariakoo likawa mgonjwa mlimani.

Jibu fupi

Jibu linategemea ncha ya plagi imetengenezwa kwa madini gani.

Plagi za kawaida zina ncha ya nikeli. Hizi ndizo za bei ya chini, na ndizo zilizokuwa kwenye magari mengi ya zamani. Umri wake wa kawaida ni kilometa 20,000 mpaka 40,000. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455 za Selsiasi, na kwa kazi ya cheche ni chuma laini.

Plagi za platinamu na za iridiamu hudumu zaidi sana. Platinamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,768, iridiamu kwenye 2,446, na zote mbili haziliki haraka. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na kuendelea yalitoka kiwandani na mojawapo ya hizo. Kwa plagi hizi kipimo kinachotajwa sana ni kilometa 100,000. Kipimo chenyewe hubadilika kulingana na soko na injini: kwa RAV4 nyingi zilizouzwa Marekani, Toyota iliandika maili 120,000, yaani kilometa kama 190,000, wakati Subaru kwa Forester nyingi zisizo na tabo iliandika maili 60,000, kilometa kama 96,000. Injini zenye tabo huhitaji plagi mapema zaidi, kwa kuwa joto na mgandamizo ndani yake ni mkubwa.

Kwa hiyo ukimsikia fundi anasema "plagi ni kila kilometa elfu kumi, bosi", na mwingine anasema "hizo hazibadilishwi mpaka gari life", kila mmoja ana sehemu ya historia kichwani. Wa kwanza anakumbuka nikeli na petroli yenye risasi. Risasi ilikuwa inaacha masalia kwenye plagi na kufupisha maisha yake, na nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo zetu, ziliiondoa kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Wa pili ameona iridiamu za Japani zikitembea mwaka baada ya mwaka bila kuguswa. Tatizo la ushauri wa wa pili ni kwamba gari halifi kwa siku moja. Linaanza kwa kunywa mafuta, kisha linakuua koili, na mwisho linaharibu kifaa cha ghali kuliko vyote hivyo, ambacho tutakifikia.

Gari la mtumba: kilometa za nani?

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na vitabu vya magari havisaidii sana. Kitabu kimeandikwa kwa mtu aliyenunua gari jipya dukani. Wengi wetu tunanunua gari ambalo limeshatumika Japani kwa miaka saba, minane au kumi na tano. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu lenye umri mkubwa zaidi lakini inalitoza ushuru wa uchakavu. Vyovyote vile, gari linapofika bandarini Dar es Salaam au Mombasa, maisha yake ya kwanza hatukuyaona.

Dashibodi ikisoma kilometa 78,000, maswali ni mawili. Je, namba hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, plagi zilizomo ni zile za kiwandani au zilishabadilishwa?

Kwa swali la kwanza, tafuta cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje. Huwa kinaonyesha usomaji wa kilometa uliorekodiwa kwenye ukaguzi wa gari kule. Ukaguzi huo hufanywa miaka mitatu baada ya gari binafsi kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Namba ya dashibodi ikiwa chini ya namba ya cheti, umeshajua kuna mkono uliopita. Angalia pia vibandiko: kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti mara nyingi hukuta karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani, tarehe na kilometa. Hiyo ni kumbukumbu ya kubadilisha oili, au mkanda wa taiming kwa injini zenye mkanda. Hata kama husomi Kijapani, namba utazisoma.

Swali la pili lina jibu moja tu la uhakika: zifunguliwe zionekane. Ushauri wangu, na naona haugharimu kitu ukilinganisha na bei ya gari lenyewe, ni kwamba gari la mtumba likishatoka bandarini, kwenye sevisi ya kwanza plagi zote zitolewe na kuangaliwa. Zikiwa ni iridiamu zenye ncha kali na rangi nzuri, zirudishwe na uandike tarehe. Zikiwa zimeliwa, au zikiwa ni mchanganyiko wa aina mbili tofauti (hili hutokea kuliko unavyodhani), weka seti mpya na uanze kuhesabu upya kuanzia sifuri. Kuanzia hapo kumbukumbu ni yako. Daftari la shule la bei ndogo ndani ya sanduku la dashibodi linatosha.

Foleni hazihesabiwi kwenye dashibodi

Kuna jambo jingine ambalo kilometa zinalificha. Plagi haijui umbali. Inachojua ni muda ambao injini imewaka.

Chukua gari linalotembea kwa wastani wa kilometa 40 kwa saa. Kufikisha kilometa 100,000 litahitaji saa 2,500 za injini. Sasa chukua gari linalotoka Mbagala kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni, wastani wake ni kilometa 15 kwa saa, na mama au baba anamsubiri mtoto nje ya shule huku kiyoyozi kinanguruma. Kilometa zilezile 100,000 zitachukua zaidi ya saa 6,600. Dashibodi za magari hayo mawili zinasoma namba moja, lakini injini moja imewaka zaidi ya mara mbili na nusu ya nyingine.

Zaidi ya hapo, plagi ina tabia ya kujisafisha yenyewe, lakini mpaka ncha yake ifike joto la nyuzijoto 450 au 500. Hapo masizi yanaungua. Gari la safari fupifupi, nyumbani mpaka sokoni na kurudi, halifiki hapo mara nyingi, na masizi yanajijenga. Kwa gari la mjini la namna hii, mimi nisingengoja kilometa 100,000 hata kama plagi ni iridiamu. Kuzifungua na kuziangalia kwenye 60,000, kisha kuamua, ni busara zaidi.

Wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, ambao Dar es Salaam wameongezeka sana, wana sababu ya ziada. Gesi inahitaji volti nyingi zaidi kuliko petroli ili iwake. Plagi iliyochoka huanza kujionyesha kwenye gesi: gari linatembea vizuri kwenye petroli, ukilihamishia gesi linakatakata. Wengi hukimbilia kumlaumu aliyefunga mtungi. Anza na plagi.

Magari ya haibridi nayo yana plagi, ingawa wapo wanaodhani hayana. Injini yake inazimika na kuwaka mara nyingi njiani, hivyo saa zake ni chache kuliko kilometa zinavyoonyesha. Fuata kitabu chake.

Dalili

Gari halisubiri namba itimie. Linaanza kusema mapema, kama kuna anayelisikiliza.

Asubuhi linazungushwa mara mbili tatu kabla ya kuwaka. Likiwa limesimama kwenye taa, usukani unatetemeka kidogo, mshale wa mizunguko unacheza. Ukitaka kulipita lori, linavuta kwa kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi huku anakohoa. Mafundi wanaita hali hii misi, yaani silinda moja imeruka zamu yake ya kuwaka. Mafuta nayo yanaongezeka: tenki lililokuwa linakufikisha Morogoro na kurudi halirudi tena. Kwenye ekzosi unaweza kunusa petroli mbichi.

Kisha kuna ile taa ya njano ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka na kutulia, gari linahitaji kupimwa lakini unaweza kulifikisha gereji. Ikiwa inamweka, inawaka na kuzima mfululizo, hiyo ni lugha tofauti kabisa. Maana yake misi ni kubwa kiasi kwamba petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungua ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafishia moshi ambacho baadhi ya mafundi hukiita masega. Ndani yake kuna platinamu na madini mengine ya thamani, na kinaweza kuyeyuka kwa joto hilo. Bei yake na bei ya seti ya plagi havikai kwenye karatasi moja. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na utafute pa kusimama.

Petroli hiyo isiyoungua inafanya madhara mengine kimyakimya: inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kushuka kuichanganya oili iliyoko chini. Ukiona oili inanuka petroli, hiyo nayo ni dalili.

Fundi akiunganisha mashine ya kupimia, atakuta namba. P0300 maana yake misi zinaruka silinda mbalimbali. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Namba hiyo haisemi kwamba plagi ndiyo mbaya. Inasema silinda ile haikuwaka. Chanzo kinaweza kuwa plagi, koili, nozeli ya mafuta, au hata vavu. Kuna jaribio rahisi ambalo fundi mzuri hulifanya bila kununua chochote: anahamisha koili ya silinda mbovu kwenda silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki palepale, anahamisha plagi. Fundi anayesema "tununue koili zote nne" kabla ya jaribio hili, muombe alifanye kwanza.

Na mara nyingine vyote viwili ni wagonjwa, kwa sababu kimoja kilimuua mwenzake. Plagi yenye nafasi iliyopanuka inailazimisha koili kufanya kazi ya ziada kila mara, mpaka inaungua. Kubadilisha koili na kuacha plagi ileile ni kuinunulia koili mpya ugonjwa wa ile ya zamani.

Neno kuhusu kuosha injini kwa mashine ya presha. Kwenye injini nyingi za sasa plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu, koili imeziba juu. Maji yakiingia humo hayatoki. Gari lililokwenda kuoshwa likiwa zima likarudi na misi, kabla ya kununua chochote, lifunguliwe koili na mashimo yakaushwe.

Plagi ikitolewa inasema nini

Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi, kavu, yenye masizi yanayofutika kwa kidole, silinda inapata petroli nyingi kuliko hewa. Angalia chujio la hewa kwanza, maana vumbi letu hulijaza upesi. Ikiwa imelowa oili, kuna oili inayoingia chumba cha moto, pengine ringi au mipira ya vavu imechoka. Ikiwa nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge, imepata joto kupita kiasi, na hiyo haifai kupuuzwa.

Oili ikiwa nje ya plagi, ndani ya shimo, lakini ncha ni safi, ni jambo dogo: mipira ya tapeti kava inavuja. Ibadilishwe wakati huohuo, kwa sababu oili hiyo inaharibu mpira wa koili.

Utaona pia wakati mwingine mduara wa kahawia kwenye kaure nyeupe, pale inapoingia kwenye chuma. Wengi hudhani moto unavuja hapo. Mara nyingi ni chembe za oili na vumbi zilizovutwa na umeme, na si ubovu.

Msasa

"Mama, hizi bado nzima. Nazipiga msasa tu, utaenda nazo mpaka mwakani."

Maneno haya yanasikika kila gereji, na fundi anayeyasema mara nyingi ana nia njema ya kukupunguzia gharama. Kwa plagi za nikeli za zamani yalikuwa na maana kiasi: unasugua masizi, unagonga ncha kidogo kurudisha nafasi, maisha yanaendelea. Kwa iridiamu ni kosa. Ncha yake ni sindano nyembamba, haifiki hata milimita moja, na imechomelewa kwa ufundi wa kiwandani. Msasa au brashi ya waya inaila au kuing'oa. Kuzichoma motoni na kuzimwagia petroli, jambo ambalo nalo hufanyika, huacha ufa kwenye kaure usioonekana kwa macho, na umeme utapita kwenye ufa huo badala ya kuruka kwenye ncha. Kifaa cha kupimia nafasi nacho kikisukumwa kwa nguvu huivunja. Plagi ya platinamu au iridiamu ama ni nzima na inarudishwa ilivyo, ama imechoka na inatupwa.

Plagi iliyoanguka sakafuni iangalie kwa mashaka, hata ikiwa mpya.

Namba kwenye plagi

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye kitabu, au kwenye plagi ya zamani kama una hakika ndiyo iliyotakiwa. Plagi mbili zinazoingia kwenye shimo moja zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa kazi.

Mfano, plagi ya Denso inayotumika kwenye injini nyingi za Toyota za lita 2.4 za RAV4 na Harrier imeandikwa SK20R11. Namba 20 ni kiwango cha joto, R inaonyesha ina kizuizi cha umeme ndani, na 11 mwishoni ni nafasi ya milimita 1.1. Mwenzake wa NGK ni IFR6A11: 6 ni kiwango cha joto, 11 ni nafasi ileile. Yaani 20 ya Denso ni sawa na 6 ya NGK, na 16 ni sawa na 5.

Kiwango cha joto ni kasi ya plagi kutoa joto kulipeleka kwenye chuma cha injini. Hakihusiani na ukali wa cheche, ingawa wauzaji wengine huuza "plagi ya moto" kana kwamba inaongeza nguvu. Kwa Denso na NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni hizi kwa kubahatisha. Plagi iliyo baridi mno inajaa masizi. Iliyo ya moto mno inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na hilo hutoboa pistoni.

Ile herufi R inatuhusu sisi watu wa redio. Kizuizi hicho hupunguza kelele za umeme zinazotoka kwenye cheche. Weka plagi isiyo nacho, na redio ya gari itakoroma kwa kufuata mizunguko ya injini, hasa kwenye masafa ya kati. Vifaa vingine vya umeme vya gari navyo vinaweza kusumbuliwa na kelele hizo.

Plagi bandia zipo, na nje zinafanana na halisi mno. Angalia maandishi kwenye kaure: ya kiwandani ni makali na hayafutiki kwa ukucha. Angalia hatizi ni safi, ncha iko katikati sawasawa, na zote nne kwenye seti zinafanana kila kitu. Bei ya iridiamu inayokaribia bei ya nikeli ni jibu tosha. Kati ya iridiamu ya mashaka na nikeli halisi yenye kiwango sahihi cha joto na nafasi sahihi, chukua nikeli, uibadilishe mapema.

Injini zinazowachosha mafundi

Kwenye RAV4 ya silinda nne, kazi hii inachukua chini ya saa moja. Si magari yote yako hivyo, na ni vizuri kulijua kabla ya kubishana bei ya ufundi.

Harrier na Kluger za lita 3.0 zina silinda sita, tatu mbele na tatu nyuma karibu na ukuta wa dashibodi. Zile za nyuma hazifikiki kirahisi bila kuondoa sehemu ya mfumo wa hewa juu ya injini. Matokeo yake hukuta gari lina plagi tatu mpya mbele na tatu za zama za Japani nyuma, na mwenye gari alilipia sita. Omba kuonyeshwa plagi zote za zamani, uzihesabu.

X-Trail ya lita 2.0 ya kizazi cha pili, yenye injini ya MR20, inataka mfumo wa kuingizia hewa ufunguliwe juu ili plagi zionekane. Gasketi zake ziangaliwe zinaporudishwa, la sivyo hewa itavuja na utapata misi nyingine. Forester, kwa kuwa injini yake imelala, plagi zinatazama pembeni kwenye nafasi finyu. Mara nyingi betri na mabomba ya hewa huondolewa kwanza. Ufundi wake una haki ya kuwa ghali zaidi.

Wakati wa kufunga

Injini iwe imepoa. Kichwa chake ni aluminiamu, na hatizi za aluminiamu yenye moto huvunjika kirahisi. Vumbi lipulizwe kwanza kwenye mashimo kwa hewa ya kompresa kabla ya plagi kulegezwa, kwa sababu mchanga uliobaki utaanguka moja kwa moja ndani ya silinda. Plagi mpya ianzwe kwa mkono, ikiwezekana kwa kipande cha mpira mwembamba wa petroli kilichovalishwa juu yake: ikikaa upande mpira utateleza wenyewe, wakati spana ingelazimisha na kuharibu hatizi. Mafuta ya grisi kwenye hatizi hayahitajiki kwa plagi nyingi za sasa.

Kama fundi ana spana ya kupimia nguvu, afuate kipimo cha kitabu. Kama hana, plagi mpya yenye wosha huzungushwa kwa mkono mpaka iguse, kisha nusu mzunguko au zaidi kidogo, kama boksi lake linavyoelekeza. Iliyowahi kufungwa, wosha yake imeshalala, hivyo robo mzunguko tayari ni nyingi. Plagi iliyolegea haipitishi joto lake na inaungua. Iliyokazwa mno huacha hatizi zake kwenye kichwa cha injini siku ya kutolewa.

Zibadilishwe zote kwa pamoja. Kisha gari liwashwe, lisikilizwe likiwa limesimama, na liendeshwe kwenye mwinuko wowote ulio karibu kabla ya fundi kulipwa. Plagi za zamani ondoka nazo kwenye mfuko, zimefungwa kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Tarehe na kilometa ziandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, kabla gari halijatoka gereji.